Mama Yako Anakusalimu

6 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba. Sisi huku wazima. Mvua imeanza na bati la studio yangu ya picha linavuja. Jirani yetu fundi viatu amepata mjukuu na hatuna raha mtaani, maana kila anayepeleka kiatu kushonwa lazima kwanza asifie mtoto. Mama yako mzima kabisa, anakusalimu sana. Hivi ninavyoandika yuko jikoni.

Sasa kaa chini ndipo uendelee. Nimechukua fomu. Nagombea ubunge wa jimbo letu. Umesoma sawasawa, usirudi nyuma. Najua utasema baba yako na siasa wapi na wapi, mtu aliyezeeka akiwaambia watu "inua kidevu, usipepese macho". Lakini ndiyo hivyo, maji nimeshayavulia nguo.

Simu usinipigie. Yangu inashikwa na Katibu wa kampeni. Ni yule muuza magodoro wa pale kona, amefunga duka kwa ajili yangu. Anasema mgombea hapokei simu mwenyewe. Juzi fundi bomba alipiga kuuliza kama nipo nyumbani, akaambiwa mgombea yupo kwenye kikao nyeti. Nilikuwa naoga.

Nimekuwekea kipeperushi. Kila mgombea anatakiwa aeleze yeye ni nani, katoka wapi, na kwa nini anakitaka kiti. Amekiandika Katibu. Kisome, wewe uliyesoma, uniambie kama kinafaa.

Mkwe wangu na wajukuu wasalimie.

Baba yako

19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, tena imelowa pembeni. Sisi hatujambo. Kazini tumebanwa, mvua inateremsha watu ngazi kwa matako na wote wanaletwa kwangu kupigwa eksirei. Nikiwaambia watulie wasitikisike naisikia sauti yako kabisa. Mkweo anakusalimu. Watoto wanauliza kama babu atapewa gari lenye bendera.

Baba, kipeperushi nimekisoma na nimechanganyikiwa. Kinasema ulizaliwa katika umaskini mkubwa, ukawa unatembea peku mwendo mrefu kwenda shule. Shule ilikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba ya babu! Wewe mwenyewe ulituambia ulikuwa unaruka ukuta kengele ikishalia. Na babu alikuwa na duka la viatu. Mtoto wa muuza viatu anatembeaje peku?

Halafu hiyo sababu. Ukurasa wa mbele unagombea kwa ajili ya mitaro. Ukifungua ndani, ni kwa ajili ya vijana. Nyuma kabisa imeandikwa kwamba wananchi wamekulazimisha. Wananchi gani hao, baba? Maisha yangu yote sijakusikia ukimtaja mbunge isipokuwa kumsema. Sikukatazi. Nataka tu kuelewa. Kwa nini?

Na mama anasemaje kuhusu jambo hili? Hukuandika. Msalimie sana.

Binti yako

19 Februari, jioni

Baba,

Hii siitumi. Naiandika kwa sababu ile niliyoifunga kwenye bahasha haina ukweli wote.

Mama yuko hapa kwangu. Alifika wiki moja kabla hujaiandika barua yako, na begi lile la kahawia, akasema amekuja kuona wajukuu. Nikafurahi. Siku iliyofuata akahamisha vyombo vyote vya jikoni kwangu, nikajua kuna jambo. Mama akipanga upya kabati la mtu, moyoni kwake kumechafuka.

Akanieleza. Alikuwa sokoni anachagua nyanya. Gari la matangazo likapita likikutaja, mgombea, mchapakazi, mtu wa watu. Akadhani ni mtu mwingine. Muuza nyanya akamwambia, "Hongera mama mheshimiwa!" Akaacha nyanya pale pale. Anasema, "Kama angeniambia ningembebea mabango kichwani. Lakini nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, nikaja kuambiwa na spika!"

Nilimsomea barua yako kwa sauti, alikuwa anamenya viazi. Nilipofika pale ulipoandika "yuko jikoni", akaweka kisu chini. Akasema, "Hapo hajadanganya. Nipo jikoni." Tukacheka mpaka mkweo akaja kuchungulia. Halafu mama akageukia dirisha, na nikaona mabega yake hayacheki tena.

Ameniapisha nisikwambie. Anasema nikikwambia atahama, aende ambako hata mimi sitamjua. "Aseme mwenyewe kwamba sipo." Basi wewe unaniandikia salamu zake, mimi nakuandikia umsalimie, na yeye mwenyewe amekaa katikati anamenya viazi. Sijui nani kati yetu ni mwongo zaidi.

14 Machi

Mwanangu,

Natumaini mvua imewapungukia. Huku kila kitu kina ukungu, hata mimi. Mjukuu wa fundi viatu ameota jino na tumeitwa kuliona. Mama yako hajambo, ila ana kikohozi, sauti imemkauka, ndiyo maana haandiki. Najua sauti haiandiki, lakini unanielewa.

Maswali yako ni mazuri. Nimempa Katibu ayajibu, akasema hayo ni maswali ya mpinzani. Mimi nakujibu hivi: mitaro ni kweli, umeiona mwenyewe. Vijana nao ni kweli. Wananchi kunilazimisha, hapo sina uhakika, lakini tangu nichukue fomu nyumba haikauki watu. Wanakuja asubuhi, wanakaa sebuleni, wananiita Mheshimiwa Mtarajiwa, wanataka chai. Wengine siwajui kabisa. Kuna mmoja amekuja siku nne mfululizo, nikamuuliza anatoka mtaa gani, akasema yeye yuko timu ya upande wa pili lakini hapa kuna kivuli.

Mabango yametoka. Katibu alichukua picha ya mama yako pale kwenye kioo cha studio, ile ya ujana wake, kaiweka pembeni yangu na maandishi "Familia Imara, Jimbo Imara". Nimekaa kama babu aliyeposa mtoto wa watu. Nikamwambia atoe, akasema yameshabandikwa.

Jambo moja dogo. Mama yako amenituma nikuulize, chumvi kwenye maharage inatiwa lini, mwanzoni au mwishoni? Amesahau.

Mwezi ujao kuna mdahalo ukumbi wa shule, wagombea wote wanajieleza mbele ya watu na redio itakuwepo. Niombee.

Baba yako

29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na wageni. Sisi wazima, mtoto wa pili alianguka shuleni, nikampiga picha mwenyewe, mkono haujavunjika, ni mbwembwe tu. Mkweo anakusalimu.

Mwambie mama kwamba chumvi inatiwa mwishoni, maharage yakishaiva, ukiitia mwanzoni yanakuwa kama kokoto. Asiyakoroge kila saa. Ile sufuria yenye tako jembamba asiitumie, inaunguza, achukue ile ambayo mpini umefungwa waya. Na taulo za jikoni kama hazionekani, ziko droo ya chini ya kabati la chumba cha mbele, alizihamishia huko mwezi wa kwanza.

Kikohozi hicho kimekuwa cha siku nyingi, baba. Amekwenda kupimwa? Ameandikiwa dawa gani? Ungempa kalamu aniandikie hata mstari mmoja.

Kuhusu sababu, bado hujanijibu. Umenitajia mitaro. Mitaro imeziba tangu niko shule ya msingi na hukuwahi kwenda hata kwenye mkutano wa mtaa. Mwaka huu kumetokea nini? Kama ni siri ya siasa basi. Lakini ukisimama kwenye huo ukumbi watakuuliza hili hili, na wao hawatakuuliza kwa upole kama mimi.

Nakutakia heri, ingawa sijui nakutakia heri ya nini.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu zangu ni fupi. Mimi mzima. Wengine siwezi kuwasemea.

Mdahalo ulikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tulikuwa wanne mezani: Mheshimiwa mwenyewe anayetetea kiti, yule mwalimu wa hesabu wa sekondari, mfanyabiashara mmoja wa saruji, na mimi. Mtangazaji wa redio, mama mmoja mkali, akasema kila mtu ajieleze: wewe ni nani, na kwa nini wewe.

Mheshimiwa alianza, akasema yeye ni mtoto wa mkulima, akapigiwa makofi. Mwenye saruji akasema yeye pia ni mtoto wa mkulima. Mwalimu hakujitaja wazazi. Alisema anafundisha darasa ambalo nusu ya watoto wanaandikia magotini, ameandika barua kila ofisi mpaka amechoka kujibiwa "suala lako linashughulikiwa", kwa hiyo anataka kwenda kukaa huko linakoshughulikiwa aone linashughulikiwaje. Akakaa. Mwanangu, nilitamani na mimi nipige makofi.

Ikafika zamu yangu. Nikafungua karatasi ya Katibu. "Ndugu wananchi, nilizaliwa katika umaskini mkubwa..." Fundi viatu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee wewe! Mimi kazi nimejifunzia dukani kwa baba yako!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli.

Nikatafuta mstari mwingine. Kabla sijaupata, yule muuza nyanya wa sokoni akasimama. "Mzee, mimi swali langu ni dogo. Kwenye bango upo na mama. Sokoni hatumuoni, dukani hatumuoni. Mama yuko wapi?"

Katibu akaninong'oneza, "Sema yuko safarini kikazi." Nikafungua mdomo niseme hivyo hivyo. Nimekuandikia wewe mara mbili kwamba yupo, kwa hiyo kinywa kilishazoea. Lakini nilikuwa natazama ule ukumbi, na karibu kila uso mle ndani nimewahi kuutazama kupitia kamera yangu, na huwa natambua mtu anapojilazimisha kutabasamu. Nikajua na wao wananiona hivyo hivyo.

Nikasema, "Sijui aliko."

Muuza nyanya hakukaa.

Nikasema, "Aliondoka siku gari la matangazo lilipopita. Sikumwambia kwamba nagombea. Nimeuliza kwa dada yake, hayupo, na simu yake ameizima. Sijui aliko, na lile bango linadanganya."

Katibu akajifunika uso kwa karatasi zake. Mtangazaji akaniuliza, siyo kwa ukali, "Basi mzee, kama hata mkeo hukumwambia, unagombea kwa nini?"

Nikawaambia, na wewe nakuambia, uliyeniuliza mwanzo nikakujibu mitaro. Mwezi wa kwanza Mheshimiwa alikuja studio kupigwa picha ya mabango yake. Huyu nimempiga picha akiwa na sare ya shule. Nimempiga siku ya harusi, nimempiga siku anamzika baba yake, na siku ile nililia naye. Nikamnyoosha kola, nikamgeuza bega. Akamuuliza msaidizi wake, wala si mimi, "Huyu mzee anaitwa nani vile?" Nikawa kama pazia. Alipoondoka nikafunga duka nikaenda moja kwa moja kuchukua fomu. Mama yako ningemwambia nini? Kwamba naomba jimbo zima kwa sababu mtu mmoja hakunikumbuka?

Sikujua watu wangecheka au wangezomea. Wengine walicheka. Fundi viatu alipiga makofi peke yake, akaona aibu, akaacha. Tulipotoka, Mheshimiwa akanishika mkono kwa mikono miwili mbele ya redio. "Mzee wangu, mimi nakukumbuka sana!" Halafu akaniita kwa jina la fundi viatu.

Katibu amerudi kwenye magodoro yake. Simu amenirudishia, lakini alibadilisha namba ya siri na ameisahau, kwa hiyo bado niandikie.

Maharage niliyatia chumvi mwishoni, yakatoka vizuri. Halafu nikaenda kutafuta taulo, zikawa pale pale uliposema. Hujafika nyumbani mwaka wa pili huu. Nilisimama na droo wazi muda mrefu. Sikuulizi kitu. Ila kama kuna mtu unaweza kumfikishia salamu, mfikishie.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Nakuwekea barua niliyoiandika Februari nikaiweka kabatini. Isome kwanza, ndipo uje kwenye hii.

Umeisoma? Basi nisamehe, au tusameheane, sijui nani aanze.

Barua yako ya mdahalo nilimsomea mama tukiwa tumekaa uani. Pale kwa fundi viatu alitabasamu. Nilipofika "Sijui aliko" akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akauliza, "Mbele ya watu?" Nikasema mbele ya watu. "Na redio?" Na redio. Nikadhani yameisha, nikawa tayari naandaa machozi ya furaha. Mara akasimama. "Yaani na hili pia, ukumbi mzima umelisikia kabla yangu!"

Sikujua nicheke au nikimbie. Nikamwambia, mama, angekwambiaje na hajui ulipo? Akasema, "Wewe nyamaza, wewe ni wa upande wake." Akaingia ndani, akafua kila kitu ndani ya nyumba, hata mapazia. Lile la sababu yako hakulizungumzia kabisa. Ila wakati wa kula alisema ghafla, bila kumtazama mtu, "Siku ile ya mazishi alirudi nyumbani macho yamevimba. Na yule naye hakumkumbuka." Mkweo akauliza nani, akaambiwa ale.

Leo asubuhi nimeamka nimekuta begi la kahawia mlangoni. Nikamuuliza, unarudi kwa baba? Akasema, "Naenda kupiga kura. Nimeandikishwa kule." Nikauliza atafikia wapi. Akasema mtu aliyeandikishwa hakosi pa kufikia. Nikamsindikiza mpaka stendi, akanikumbusha nisizihamishe sahani alizozipanga, basi likaondoka.

Kwa hiyo sijui, baba. Huenda amefika kabla ya barua hii, huenda yuko kwa mama mdogo. Akija kwako usimhutubie. Usimwonyeshe bango.

Binti yako

21 Mei

Mwanangu,

Mama yako yupo. Safari hii ni kweli, na nikikohoa atanisikia.

Alifika jioni, hakubisha hodi. Nilikuwa sebuleni nabandua mabango, maana wale wageni wote waliacha kuja siku ya pili baada ya mdahalo, hata yule wa kivuli. Akaweka begi chini, akashika ncha ya pili ya bango, tukalikunja pamoja. Nikasema, "Karibu." Akasema, "Kwangu nakaribishwa?" Nikanyamaza, kama ulivyonishauri, ingawa ushauri wako ulikuwa bado uko njiani.

Tulikunja yote. Ndipo akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungecheka."

"Ningecheka," akasema. "Halafu ningekwenda na wewe kuchukua fomu."

Nikayabeba mabango nikayapeleka uani.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, yeye akapanga foleni ya wanawake, mimi ya wanaume. Muuza nyanya alikuwa mbele yake, na foleni nzima ikageuka kumtazama kama vile yeye ndiye mgombea. Akawasalimia wote kwa vituo, mmoja mmoja.

Matokeo utakuwa umeyasikia. Mheshimiwa amerudi, kwa tofauti ya kura chache, mwalimu wa pili. Mimi wa tatu katika watu wanne, na wa nne, yule wa saruji, alikuwa amejitoa wiki moja kabla. Sasa wapo wanaosema kura zangu zilikuwa za mwalimu, kwamba nisingesimama angeshinda. Wengine wanasema hapana, walionipigia mimi wasingetoka majumbani kwa ajili ya mtu mwingine. Nimelifikiria mpaka kichwa kimeniuma na sipati jibu. Mwalimu tukikutana ananiamkia kwa adabu zote, na sijui kama ni adabu. Nilimwambia nasikitika. Akasema, "Mzee, na wewe ulikuwa na haki ya kuomba." Nikarudi nyumbani nikiwa mzito zaidi ya nilivyotoka.

Jana nilimuuliza mama yako. Nilijikaza siku nyingi, nikashindwa. Nikamwambia, sasa yameisha, niambie tu, ulinipigia mimi?

Alikuwa anashona kifungo. Akakata uzi kwa meno.

"Kura ni siri," akasema.

Nikasema ni mimi huyu, mume wako. Akasema sheria haikutaja waume. Nikamuuliza basi alimpigia mwalimu? Akasema kifungo kimekaa sawa, nijaribu shati. Nimeligeuza jambo hili tangu jana. Kama alinipigia, mbona hasemi? Kama hakunipigia, mbona alisafiri umbali wote ule? Na kama ananiadhibu, nitajuaje adhabu imekwisha?

Nilitaka nikuulize wewe, kwa sababu umekaa naye miezi mitatu na huenda alikudokeza. Lakini sasa hivi ananiita kutoka uani, ananiita kwa jina langu, na tangu arudi alikuwa bado hajalitaja. Naacha hapa, nisichelewe.

Baba yako